Kidonge, sirapu au sindano: mgonjwa wako anahitaji ipi?

Kaa nusu siku kwenye dirisha la dawa la zahanati yoyote, iwe Mbalizi, Tukuyu au Ilula, utalisikia ombi hili: "Nesi, naomba mumchome tu, vidonge vitamchelewesha." Anayeomba anaweza kuwa mama mwenye mtoto mgongoni, mzee aliyeshikwa na kiuno, au dereva wa lori anayetaka kufika Tunduma kabla ya giza. Wote wanaamini kwamba dawa ya kuchomwa ni kali na ya kumeza ni dhaifu, hata ikiwa ni dawa ileile. Na sisi wauguzi wakati mwingine tunawaacha na imani hiyo, maana foleni ni ndefu, kuchoma ni dakika moja na kueleza ni dakika kumi.

Maelezo ya hizo dakika kumi ndiyo haya. Msimamo wangu nauweka mbele ili msomaji asihangaike kuutafuta: mgonjwa anayeweza kumeza, na anachomeza kikakaa tumboni, kwa magonjwa mengi ya kawaida apewe dawa ya kumeza. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kidonge kinachoyeyuka kwenye maji ni bora kuliko chupa ya sirapu. Sindano ni ya yule ambaye mdomo wake hauwezi kufanya kazi hiyo, au ya dawa ambayo tumbo lingeiharibu. Hapo haina mbadala, na kuichelewesha ni kumuua mtu.

Dawa inavyofika kwenye damu

Kidonge huyeyuka tumboni, dawa yake hunyonywa zaidi kwenye utumbo mwembamba, kisha damu inayotoka huko hupita kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini hupunguza sehemu ya dawa njiani, na waliopanga dozi za kumeza wamelizingatia hilo. Mgonjwa wa saratani anayemeza mofini hupewa takriban mara tatu ya kiasi ambacho angechomwa, na maumivu yake hutulia. Zipo dawa ambazo hazipotezi kitu cha maana. Metronidazoli, yaani Flagyl inayojulikana hadi vijijini, ikimezwa huingia kwenye damu karibu yote. Doksisaiklini na flukonazoli ni hivyohivyo. Mtu anayekula ugali wake vizuri akitundikiwa metronidazoli, amelipia chupa, mpira na kanula (kile kimrija kinachoachwa mshipani), ametobolewa mkono, na dawa iliyomfikia ni kiasi kilekile ambacho angekipata kwa vidonge.

Sindano ya mshipa hufika papo hapo. Kwa aliyepoteza fahamu, huo ni uhai. Kwa mwenye mzio, au kwa aliyepewa dozi iliyokosewa, ni hatari, kwa sababu dawa ikishaingia haitoki. Sindano ya msuli nayo hutegemea damu inayopita kwenye msuli ule. Mgonjwa ambaye presha imeshuka, mikono na miguu imekuwa ya baridi, hunyonya dawa ya msulini polepole sana. Huyo anahitaji mshipa, na anahitaji hospitali.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba haraka pekee si kigezo. Swali la kuuliza ni kwamba huyu mgonjwa, katika hali aliyonayo sasa hivi, dawa itamfikia kwa njia gani bila kumwongezea madhara?

Mtoto anayekohoa

Juni na Julai, baridi ya Uporoto, Makete na Njombe ikikaza, watoto wanaokohoa hujaa kwenye mabenchi yetu. Wengi wana mafua ya virusi na hawahitaji antibayotiki ya aina yoyote, ya kumeza wala ya kuchomwa. Anayehitaji hujulikana kwa kuhesabu pumzi: mtoto ametulia, hajalia, kifua kiko wazi, unahesabu dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde au kwa simu. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikia 40 au zaidi, pumzi zake ni za haraka na hiyo huhesabiwa kuwa nimonia. Kifua kinachobonyea chini ya mbavu anapovuta hewa ni dalili nyingine.

Tangu mwaka 2014 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto wa namna hiyo, hata yule ambaye kifua kinabonyea, atibiwe nyumbani kwa amoksilini ya kumeza, mradi hana dalili za hatari. Dozi ni kubwa kuliko tuliyoizoea: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku.

Sasa linganisha sirapu na kidonge kinachoyeyuka, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu watoto wengi hupewa dozi pungufu bila mtu yeyote kujua.

Chukua mtoto wa kilo 12. Anahitaji miligramu 500 asubuhi na miligramu 500 jioni. Kwa vidonge vinavyoyeyuka vya miligramu 250, hiyo ni vidonge 2 asubuhi na 2 jioni. Siku 5 ni vidonge 20, kazi imekwisha. Kwa sirapu ya kawaida yenye miligramu 125 katika kila mililita 5, mtoto huyohuyo anatakiwa anywe mililita 20 asubuhi na 20 jioni. Kwa siku ni mililita 40. Chupa ya mililita 100 inaisha siku ya tatu asubuhi, na matibabu yote yanataka chupa 2. Je, umewahi kuona mama akipewa chupa 2 kwa mtoto mmoja? Anapewa chupa moja, inaandikwa "mililita 5 kutwa mara tatu". Hiyo ni miligramu 375 kwa siku badala ya 1,000. Mtoto hapati nafuu, mama anarudi na neno lilelile, "sirapu haikumsaidia, mchomeni sindano", na safari hii anaonekana ana haki.

Upungufu wa sirapu hauishii hapo. Dawa huja ikiwa unga ndani ya chupa. Inatakiwa maji yaliyochemshwa yakapoa, unatia kiasi, unatikisa hadi unga uachie chini, ndipo unaongeza hadi kwenye mstari. Ukitia maji yote kwa mkupuo, unga hubaki umeganda kwenye kitako na dozi za mwanzo huwa nyepesi huku za mwisho zikiwa nzito. Ukipitiliza mstari, mtoto anakunywa maji yenye rangi. Ikishachanganywa hudumu siku 7 tu kwenye joto la kawaida, na kabla ya kila dozi lazima itikiswe. Halafu kuna kijiko. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, kimoja hubeba karibu mara mbili ya kingine, na ndiyo maana kipimo kinachokuja na chupa, au bomba la kunyonyea lisilo na sindano, ndicho cha kutumia. Zaidi ya yote, sirapu za miligramu 125 na za miligramu 250 kwa mililita 5 zinafanana chupa, rangi na harufu. Mama aliyeizoea ya kwanza akipewa ya pili bila kuambiwa, anazidisha mara mbili.

Kidonge kinachoyeyuka kina mpangilio rahisi. Kiasi ni kwa umri au uzito: miezi 2 hadi 12 ni kidonge 1 cha miligramu 250 kila mara, mwaka 1 hadi 3 ni vidonge 2, miaka 3 hadi 5 ni vidonge 3, vyote asubuhi na jioni. Unamimina maji safi kidogo kwenye kikombe, kama vijiko viwili, unatumbukiza kidonge, unakizungusha kikombe. Huchukua muda mfupi kusambaratika. Kwa mtoto mchanga zaidi yanafaa maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Mtoto akishakunywa, angalia chini ya kikombe: kuna masalia meupe yamebaki. Tia maji kidogo tena, zungusha, mpe. Masalia hayo ni sehemu ya dozi yake. Kidonge hakivuji, hakihitaji friji, na mama wa kijijini Umalila anaweza kukibeba kwenye khanga hadi shambani. Kasoro yake niitaje pia: ladha si tamu kama sirapu, na wapo watoto wanaoitema. Hata hivyo, nikilinganisha, kidonge hiki ndicho chaguo langu.

Sindano inaingia lini kwa mtoto huyu? Anaposhindwa kunywa au kunyonya, anapotapika kila kitu, anapopata degedege, anapolegea asiamke vizuri, au anapokoroma wakati wa kuvuta hewa hali ametulia. Moja tu kati ya hizo inatosha. Hapo zahanati humchoma dozi ya kwanza, kwa kawaida ampisilini na jentamisini, na kumpeleka hospitali bila kusubiri basi la kesho. Mama wa mtoto huyu hatakiwi kubembelezwa juu ya vidonge.

Malaria: dawa mseto au artesuneti

Mbeya mjini na Njombe ziko juu, baridi inapunguza mbu. Ukishuka Kyela kwenye ziwa Nyasa, au kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, mambo ni mengine kabisa. Kwa hiyo mgonjwa wa homa aliye Uyole huulizwa kwanza: ulilala wapi wiki mbili tatu zilizopita? Na kabla ya kuchagua dawa yoyote, apimwe. Kipimo cha haraka ni tone moja la damu ya kidole na majibu hupatikana ukiwa umesubiri hapohapo.

Malaria ya kawaida, kwa mtu anayekunywa na kuongea, hutibiwa kwa dawa mseto ya ALu, yaani artemetha na lumefantrini. Tanzania iliipitisha kuwa dawa ya kwanza mwaka 2006. Vidonge huenda kwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge 1 kila dozi, 15 hadi chini ya 25 ni vidonge 2, 25 hadi chini ya 35 ni vidonge 3, kilo 35 na kuendelea ni vidonge 4. Dozi ni 6 kwa siku 3. Kosa kubwa ni la dozi ya pili, ambayo inatakiwa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Mtu aliyemeza ya kwanza saa 10 jioni, ya pili ni saa 6 usiku, si asubuhi. Tega simu. Kuanzia siku ya pili ni asubuhi na jioni.

Na ALu inataka mafuta. Lumefantrini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo, hunyonywa vizuri zaidi ikiwa na chakula chenye mafuta. Watu wa Rungwe na Njombe wamebarikiwa hapa: nusu parachichi, au kikombe cha maziwa, inatosha. Ambaye amemeza kwa maji matupu siku tatu nzima asishangae homa ikirudi. Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, arudie dozi ile. Akitapika tena, hiyo si hali ya vidonge.

Artesuneti ya sindano ni ya malaria kali: degedege, kupoteza fahamu, kutapika kila kitu, upungufu mkubwa wa damu, mkojo mweusi kama kahawa, kupumua kwa shida. Kwa hao, artesuneti imethibitishwa kuwa bora kuliko kwinini. Utafiti mkubwa uliofanyika kwa watoto wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, na kutangazwa mwaka 2010, ulionyesha vifo vilipungua kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini. Dozi ni miligramu 2.4 kwa kilo, na kwa mtoto wa chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, mwanzo, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku. Kwa muuguzi mwenzangu: unga wa miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti iliyomo kwenye boksi, ukingoje uwe angavu, ndipo unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi kwa mshipa au mililita 2 kwa msuli. Ukishachanganya, tumia ndani ya saa moja. Inayobaki haiwekwi kwa ajili ya zamu ya usiku.

Wanaopenda sindano wanapaswa kulijua jambo hili pia: artesuneti haimalizi kazi peke yake. Mgonjwa akianza kumeza, baada ya angalau saa 24 za sindano, anapewa ALu dozi kamili ya siku 3. Anayeomba artesuneti kwa malaria ya kawaida ili "apone haraka" atatobolewa kisha atameza vidonge vilevile alivyokuwa akivikimbia. Na wiki chache baada ya artesuneti, wagonjwa wengine hupungukiwa damu kwa sababu chembe nyekundu huvunjika, kwa hiyo waambiwe warudi kupimwa damu hata kama wanajisikia wazima.

Kiuno, magoti na sindano ya diklofenaki

Mkulima wa viazi akiinama msimu mzima, kiuno kitalalamika. Sindano ya diklofenaki imekuwa jibu la haraka, na nakubali kwamba ukilinganisha na kidonge cha diklofenaki chenye ganda, sindano huanza kazi mapema zaidi. Lakini madhara ya diklofenaki kwenye tumbo, figo na presha hayatokani na njia ya kuingilia. Ukichomwa takoni, tumbo bado linaweza kutoka damu, kwa sababu dawa huzunguka na damu na kupunguza kinga ya ukuta wa tumbo. Mzee anayetumia dawa za presha kama kaptopril au losartani, pamoja na dawa ya kukojoa, akiongezewa diklofenaki anaweka figo zake kwenye hatari kubwa. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye pumu inayoamshwa na dawa za jamii hii, na mjamzito, hasa wa miezi ya mwisho, wasiipewe.

Sindano inaongeza hatari ya kwake. Takoni unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Sindano ikichomwa ndani au chini mno, mguu unaweza kufa ganzi na unyayo ukalegea, na wapo ambao hawakupona. Ndiyo maana tunafundishwa robo ya juu ya nje, na kwa mtoto mdogo paja upande wa nje, si tako. Jipu la sindano, nalo, tumelikamua mara nyingi. Na kuna la vifaa: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2000 sindano zisizo salama zilileta maambukizi mapya milioni 21 ya homa ya ini B duniani. Mabomba ya kutumika mara moja yamepunguza sana balaa hilo, lakini bado mgonjwa ana haki ya kuona pakiti ikifunguliwa mbele ya macho yake.

Kwa maumivu mengi anza na parasetamoli, gramu 1 kwa mtu mzima, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, na isizidi gramu 4 kwa saa 24. Soma boksi la dawa ya mafua kabla ya kuongeza, kwa sababu nyingi ndani yake zina parasetamoli tayari na ini halijali majina ya nje. Ikishindwa, ibuprofeni baada ya chakula, kwa siku chache, kwa mtu asiye na matatizo niliyoyataja. Parasetamoli ya mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kilo kila mara, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Aspirini asipewe mtoto mwenye homa.

Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuchoma sindano. Mfumo huo wa maduka ulianzia kwa jirani zetu Ruvuma mwaka 2003, na umesaidia watu wengi kupata dawa sahihi karibu na nyumbani. Muuzaji anayekukaribisha chumba cha nyuma ili akuchome amevuka mpaka wake. Mzio mkali ukitokea, hana adrenalini, hana oksijeni, hana wa kumsaidia.

Kuharisha

Hapa sitakaa. Anayeharisha na bado anakunywa, apewe ORS, ule unga wa chumvi na sukari, pakiti moja kwenye lita 1 ya maji salama, na mtoto aongezewe zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6. Dripu ni kwa aliyekauka hadi hawezi kunywa, macho yamezama, amelegea, ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole sana. Dripu haina "nguvu" ya ziada. Ni maji na chumvi.

Kidonge nacho kina masharti yake

Nisije nikaonekana naitetea dawa ya kumeza kama haina shida. Shida yake ni kwamba inamtegemea anayeimeza. Kutwa mara tatu, watu humeza asubuhi, mchana na jioni, kisha usiku kucha mwili hauna dawa. Inatakiwa iwe kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Kuna suala la chai pia. Tunaishi katikati ya mashamba ya chai, Rungwe huku na Mufindi kule, na vidonge vya kuongeza damu humezwa kwa chai asubuhi karibu kila nyumba. Chai hushikana na madini ya chuma, na sehemu kubwa hutoka bila kunyonywa. Mjamzito atumie maji, au juisi ya chungwa, chai ingoje saa moja au mbili. Maziwa yanayoifaa ALu yanaiharibia doksisaiklini na siprofloksasini. Doksisaiklini imezwe kwa glasi nzima ya maji, umekaa wima, usilale papo hapo, la sivyo kidonge hukwama kooni na kuchoma umio. Na vidonge vya presha vya kutoa dawa polepole visisagwe wala kuvunjwa kwa ajili ya bibi asiyeweza kumeza: dozi ya siku nzima itatoka kwa mkupuo na presha itaporomoka. Mwambie daktari abadilishe aina.

Ambapo sindano ndiyo jibu

Insulini ni protini, tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama, kwa hiyo huchomwa chini ya ngozi, kwa bomba lake lenye vipimo vya yuniti na si bomba la kawaida. Oksitosini, yuniti 10 kwa msuli mara mtoto anapozaliwa, ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya mama kutoka damu nyingi. Inahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Pasipo na umeme wa uhakika wala sindano iliyohifadhiwa vizuri, misoprostoli ya kumeza mikrogramu 600 ni mbadala mzuri, ingawa humtetemesha mama na kumpandisha homa. Oksitosini iliyopoteza nguvu kwenye joto ni mbaya kuliko misoprostoli, kwa sababu mkunga anaamini ametoa kinga.

Penisilini ya benzathini ndiyo pekee ambapo nampa haki kabisa anayesema sindano ni bora. Kijana ambaye moyo wake umeumizwa na homa ya baridi yabisi anaweza kuchomwa mara moja kila wiki 3 au 4, au kumeza penisilini mara mbili kila siku kwa miaka. Wengi hawawezi kumeza kila siku kwa miaka. Sindano inashinda kwa sababu za maisha ya watu, si kwa sababu ya nguvu ya dawa. Ila ni ya msuli tu: ikiingia kwenye mshipa inaweza kuua.

Hilo linanileta kwa wenzangu wa wodini. Katika yale matano tunayoyakariri, mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi na muda sahihi, njia ndiyo tunayoipitia haraka kuliko zote. Antibayotiki ya seftriaksoni iliyochanganywa na lignokeni, yaani dawa ya ganzi, kwa ajili ya msuli isipelekwe kwenye mshipa kwa sababu mgonjwa ana kanula. Kwa kichanga, isikutane na dripu yenye kalsiamu. Sirapu isivutwe kwa bomba la sindano likaachwa kwenye meza ya kitanda, maana anayepokea zamu hawezi kujua kilichomo, na kanula iko palepale. Tumia kikombe, au bomba la mdomoni ambalo haliingii kwenye kanula.

Kila raundi ya asubuhi, kwa kila mgonjwa aliye kwenye sindano, uliza mbele ya daktari: amekunywa uji? Umekaa? Homa imeshuka? Majibu yakiwa ndiyo, omba dawa ibadilishwe iwe ya kumeza siku hiyohiyo, na kanula itolewe kabla mkono haujavimba. Ndugu zake watauliza kwa nini sindano zimesimamishwa. Waonyeshe kidonge, wasomee jina lake, waambie ni jamii ileile ya dawa aliyokuwa akichomwa na anatakiwa kuimaliza nyumbani, kisha waandikie saa za kumeza kwenye boksi kwa kalamu inayosomeka.